Ukuta Unaotoka Jasho

Ijumaa, 8 Mei 1964, Msambweni
Mvua. Mvua tena. Uhuru tumeupata, lakini ukuta wa chumba cha nyuma bado umelowa. Kuvu imepanda mpaka kwenye picha ya marehemu baba na kumwotesha ndevu upya. Binti yangu Kibibi anakohoa, kifua kinapiga filimbi. Mke wangu Mwanamkuu asema ni unyevu wa nyumba. Jirani Mwinyihaji, ambaye hakuulizwa, naye asema ni unyevu. Nyumba yake nyeupe pe, na kila akipita kwangu hutazama ukuta wangu akaguna. Nitamkomesha.

Jumapili, 10 Mei
Nimepata akili! Unyevu unaingia na upepo. Upepo unaingia kwa madirisha na kwa ule uwazi kati ya ukuta na makuti. Basi, kuziba! Madirisha nimeyapigilia mbao. Uwazi nimeujaza magunia. Kisha plasta: mchanga nimeuchota ufuoni, wa bure, wa Mungu, nikauchanganya na chokaa siku hiyo hiyo.
Mwinyihaji akaja na salamu zake ndefu. Akauliza mbona sikuuacha mchanga unyeshewe masika mazima utoke chumvi, kama wafanyavyo watu. Husuda tupu! Anataka ningoje, yeye atambe peke yake. Nikamwambia mchanga wangu hauna haja ya kuoshwa, si maiti.

Jumanne, 12 Mei
Ukuta mweupe! Nimesimama nje asubuhi nzima nikingoja Mwinyihaji apite. Hakupita. Ndani kiza na joto. Mwanamkuu alalamika kwamba hewa ni nzito. Nikamjibu kwamba nyumba za wakubwa zote ndivyo zilivyo. Sijapata kuingia hata moja.

Alhamisi, 14 Mei
Ukuta watoka jasho. Matone, kabisa. Nimeyaonja kwa siri. Chumvi. Sitaandika zaidi juu ya jambo hili.
Harufu ya gunia bovu kila mahali. Nikafukiza ubani, chetezo kizima, milango nimefunga. Harufu ikapotea. Kibibi naye akakosa pumzi. Midomo ikawa ya kijivu, macho yananitazama mimi. Mwanamkuu akamnyakua akatoka naye barazani. Niliogopa. Naandika kwa kuwa hapa hasomi mtu: niliogopa sana, na mikono yangu sikujua niiweke wapi.

Ijumaa, 15 Mei
Hospitali. Daktari aliuliza mtoto analala wapi. Nikasema kwa fahari, chumba kisichopita hata upepo. Akasema ni pumu: fungua madirisha, kwangua kuvu, usifukize kitu. Kijana wa bara huyo, nyumba za pwani atazijulia wapi?
Hata hivyo nilirudi nikabandua ubao mmoja. Mwinyihaji alikuwa anapita. Nikaurudisha.

Jumatatu, 18 Mei
Plasta imeanguka, pande zima, juu ya kitanda cha Kibibi. Alhamdulillahi, kitanda kilikuwa kitupu. Mwanamkuu amempeleka kwa mama yake, kijijini Bodo. Hakugomba, afadhali angegomba. Alisema tu, "Baba Kibibi, mwanangu anataka hewa, na hewa umeifungia nje." Mwinyihaji ndiye aliyewabebea mzigo hadi barabarani. Mtu wa kujipendekeza!
Nyumba kimya. Hata kile kikohozi nakikosa.

Jumapili, 24 Mei, Bodo
Nimekuja kuwaona. Kibibi alinikimbilia. Alikimbia! Kifua kimya, hakuna filimbi. Nikajifanya nimeingiwa na mchanga machoni. Nilimwamkia mama mkwe shikamoo, akaniitikia marahaba vizuri tu, akanipa wali na samaki. Mwanamkuu akaniuliza kama nyumbani nitafungua madirisha. Nikasema inshallah. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu mvua ianze. Huenda wakarudi.
Lakini nyumba hii ya mama mkwe, masikini! Fito na udongo, matundu kila upande. Nikiwa nimelala naiona mikoko kule nje. Upepo unaingia huku unatokea kule, mtoto yumo katikati. Mama mzee, na hana mtu wa kumsaidia.
Kesho wote wanakwenda harusini Funzi. Nimejisingizia tumbo, nibaki. Magunia nilikuja nayo. Mchanga nimeshauchota, na wa huku ni mzuri zaidi.