Mayai ya Friji ya Egidius

Jumatatu, 2 Juni 2025
Friji limefika! La mtumba, mlango unafungwa kwa kamba ya mpira, lakini linaunguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Sasa Luciana atanitambua. Jirani huyu anauza mayai kwenye kapu, kivulini, yana uchafu wa kuku, na bado nusu ya Ifakara inanunua kwake. Jumapili ni kipaimara cha mjukuu wa shangazi Levina. Wageni wengi. Mayai ya sherehe lazima yatoke kwangu.

Jumanne, 3 Juni
Nimeyaosha mayai yangu yote kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikayapanga kwenye friji. Yanang'aa! Mke wangu Bibiana kauliza nayapeleka harusini au wapi. Hajui biashara. Jioni nimetangaza sokoni kwamba yai lililolala nje ya friji ni sumu. Luciana akajibu kwamba yai ambalo halijaoshwa lina utando wake, likikaa kivulini wiki moja au mbili halina neno. Ukiliosha, umelivua nguo. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Hata hivyo shangazi kaagiza kwangu. Ushindi!

Alhamisi, 5 Juni
Umeme umekatika tangu jana. Friji kimya. Nimelifungua kila mara kuangalia kama baridi bado ipo, mpaka ikaisha. Mayai yanatoka jasho. Nimeyaanika juani yakauke. Bibiana kasema niyatupe: yameoshwa, yakapoa, yakapata joto, sasa yameloa. Nikamwambia hayo ni maneno ya Luciana. Kasema ndiyo, ni ya Luciana. Shida nyingine: sokoni nimeshasema yai la nje ya friji ni sumu. Kuanzia leo, walinielewa vibaya.

Jumamosi, 7 Juni
Nimeyatia kwenye ndoo ya maji. Mengi yameelea. Fridolin wa bodaboda, aliyekuja kuyabeba, kasema yai linaloelea ni bovu. Nimemweleza kwamba ni mepesi kwa kuwa bado mapya. Hakuamini, ila kayabeba.
Kwa shangazi nimetoa shikamoo mara mbili. Akapokea zote.
"Egidi, umeme ulipokatika, haya yalikuwa wapi?"
Nikasema mahali salama.
"Haya, mwanangu. Kula moja hapa nikuone."
Kina mama wakaacha kumenya vitunguu. Nikachagua dogo, likakaangwa haraka haraka, ute wake bado unatetemeka. Halikunuka. Sana. Nikameza, nikatabasamu, nikaaga.

Jumapili, 8 Juni
Pentekoste. Nimekosa misa. Nimekosa kipaimara. Choo chetu nakijua sasa tofali kwa tofali. Bibiana kaja na habari. Shangazi hakuniamini hata baada ya kuniona nakula; alikuwa anapasua yai mojamoja kwenye bakuli kabla ya kulitia sufuriani. Likapasuka moja, wageni wakahama turubai. Mzigo wangu wote umefukiwa mgombani. Luciana akaitwa na kapu lake. Watu wamekula, wameongeza, hakuna aliyeumwa. Nimeuliza kama kuna aliyenitaja. Bibiana kasema padre aliniombea.

Jumanne, 10 Juni
Nimerudi kutoka zahanati. Muuguzi kasema nina bahati, ninywe maji mengi, na mayai mabovu niwaachie nzi. Luciana kaja kunijulia hali na chupa ya uji. Nilijiandaa anicheke. Hakucheka. Hilo ndilo limeniuma.
Lakini kitandani nimewaza sana na kosa nimeliona. Friji! Luciana hana friji na hajawahi kutupa kitu. Mjini wote tumedanganywa. Kwa hiyo leo asubuhi nimempa Fridolin friji, naye kanipa gunia la perege wabichi kutoka Mofu. Nimewapanga vizuri kwenye kapu. Kivuli kipo. Sitawaosha hata kidogo. Bibiana kafunga nguo zake, anasema anakwenda kumsalimia dada yake kijijini Mbingu. Aende tu. Samaki wangu watakaa hapa wiki nzima, wala sina haraka.