Ndege ya Ggaba na Kamati Iliyoizamisha Mara ya Pili

“Serikali inawatangazia wananchi wote, wa nchi kavu na wa majini, kwamba kuanzia Jumatatu ndege ya vita iliyozama Ggaba imepandishwa cheo na kuwa Shujaa wa Taifa. Ni marufuku kuvua, kufua, kuoga, au kuyatazama kwa dharau maji yaliyo juu yake.”

Tangazo hilo nililiandika mimi, mwaka wa tisini na saba, nikiwa Katibu wa Itifaki wa Kamati ya Ndege Iliyozama. Lilisomwa redioni kwa lugha zote tulizozikumbuka, na bendi ya polisi ikapiga katikati ili watu wapate nafasi ya kufurahi. Najua siku hizi kuna wanaoicheka Kamati yetu huko kwenye vibanda vya malwa. Wacheke. Mlevi hajawahi kuendesha kikao.

Historia yenyewe ni fupi. Wakati wa vita vile vya kuingia Kampala, ndege moja ilitokea juu ya ziwa asubuhi ya ukungu, ikapigwa risasi, ikatumbukia mbele ya Ggaba, kando ya Kampala, karibu kabisa na pale wanawake wanapoanika dagaa. Kwa miaka mingi hakuna aliyeiulizia. Vita vilikuwa vimekwisha na watu walikuwa wanatafuta sukari. Halafu Serikali ikasema waliofanya jambo la maana vitani wajitokeze wapewe nishani na ardhi, na ghafla ndege ikawa na baba wengi.

Kamati ikaundwa kuwachuja. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Erinayo, Waziri Mdogo wa Mabaki ya Vita, ambaye pia alikuwa mmoja wa wadai. Wenye wivu waliuliza itakuwaje mtu aamue kesi yake mwenyewe. Tukawajibu kwamba hakuna anayeijua kesi ya mtu kuliko mwenye kesi.

Tulisikiliza wote. Mama mmoja mlokole alisema aliiangusha kwa maombi. Tukamweleza kwamba Kamati haina fungu la malaika. Aliyetusumbua ni Ojara, koplo mstaafu wa kule Naguru. Yeye na Mheshimiwa walipigana pamoja katika Kikosi cha Kambare, kilichoitwa hivyo kwa sababu kiliishi kwenye matope ya kinamasi mpaka watu wakaota ndevu za samaki.

“Mimi ndiyo nilipiga hiyo ndege,” Ojara alisema. “Nilikuwa nimelala kwa mafunjo, bunduki juu ya tumbo.”

“Tumbo gani?” Mheshimiwa akamkatiza. “Msituni nani alikuwa na tumbo? Hiyo ni tumbo ya juzi.”

“Na wewe ulikuwa wapi, mzee?”

“Nyuma ya bunduki iliyopiga.”

“Mimi nilikuona. Ulikuwa nyuma ya sufuria.”

Kamati ilicheka kwa kiasi kinachoruhusiwa, kisha ikapiga kura. Ojara akatangazwa mwongo, akapewa hati ya uongo yenye muhuri, na Mheshimiwa akatangazwa kuwa ndiye pekee aliyeitungua ndege. Ili asisumbuliwe tena, tulitunga na kanuni: mtu mwingine yeyote atakayedai kuwa aliitungua atashtakiwa kwa wizi wa ushujaa.

Sasa shujaa hawezi kukaa bila hoteli. Ikaamuliwa kwamba ufuo wote uzungushiwe seng’enge na kujengwa Kituo cha Taifa cha Kuzamia Ushindi, ambapo watalii watavaa mitungi ya hewa, wazame, waitazame ndege, watoke, wale chipsi. Kilichobaki kilikuwa wanawake wa dagaa, na hasa mmoja, Nabangala. Huyu alikuwa mama wa kutoka upande wa Bungoma, Kenya, aliyekaa Ggaba muda mrefu mpaka wenyeji wakawa wanamtukana kama ndugu yao. Majiko yake ya kubanikia samaki yalisimama pale hasa ambapo ramani ilionyesha baa.

Nilimwendea mwenyewe, kwa heshima zote.

“Nnyabo,” nikasema, “Taifa linauhitaji ufuo wako.”

“Taifa hukula nini, ssebo?”

“Hilo si swali. Umepewa eneo mbadala kule Naguru, kilimani. Jua la kutosha, upepo wa kutosha, na hakuna kabisa kero ya maji.”

“Kwa hiyo dagaa watapanda kilima kwa miguu?”

“Waulize Wizara ya Uvuvi.”

Aliacha kugeuza samaki. “Bwana mkubwa, wanangu wote wamelelewa na moshi huu. Mkivunja haya majiko, mimi narudi Bungoma nikauze nini? Hotuba yako?”

Nilimweleza kwamba anayo haki ya kukata rufaa. Rufaa zilisikilizwa ndani ya uzio, na ndani ya uzio yeye hakuruhusiwa kuingia. Utaratibu ulikuwa wazi. Siku ya uzinduzi, wimbo wa taifa ukiisha tu, tingatinga lingeanza na majiko yake. Tulikwisha kulifunga utepe.

Naomba nieleze kidogo kazi za Kamati, maana kuna uzushi kwamba hatukuwahi kulowa. Si kweli. Wajumbe wote tulishonewa mavazi ya mpira ya kuzamia na tuliyavaa vikaoni, ghorofa ya nne, madirisha yakiwa yamefungwa. Tulilowa sana. Tulikuwa pia na posho ya kina: anayezama zaidi hulipwa zaidi. Kwa kuwa hapakuwa na maji pale ghorofani, kila mjumbe alijitangazia kina chake mwenyewe asubuhi, kwa uaminifu. Mhasibu wetu alifika chini kuliko ziwa lenyewe.

Mzamiaji wa maji hasa tulikuwa naye mmoja, Sajini Komakech wa polisi ya majini, mtu wa Gulu. Yeye peke yake alijua kuzama na kurudi. Sisi wengine tulijua nusu ya kwanza.

Siku ya uzinduzi ikafika. Mahema yakawekwa kwa ajili ya wakubwa, na jua likawekwa kwa ajili ya wapiganaji wa zamani wa Kikosi cha Kambare. Balozi wa nchi moja rafiki alikaa meza kuu na mke wake. Redio ilikuwa inarusha kila kitu moja kwa moja. Nabangala na wenzake walisimama nje ya seng’enge, na dereva wa tingatinga alikuwa ameshawasha injini ili ipate joto.

Mheshimiwa alikuja amevaa vazi la kuzamia, na tai juu yake, na beji ya Kambare kifuani. Balozi akamuuliza kama atazama. Nikajibu kwa niaba yake. Kwa itifaki ya nchi hii, mgeni rasmi huingia wa mwisho na kutoka wa kwanza, na kwenye maji mtu hawezi kufanya yote mawili isipokuwa akikaa nchi kavu.

Komakech akabeba mtungi mgongoni, akavaa vile viatu vya bata, akaingiza mpira wa hewa mdomoni, akashika tochi. Maji ya Ggaba ni kama supu, mkono wako mwenyewe unakusalimia kama mgeni. Kazi yake ilikuwa ndogo tu: kulitafuta tundu la risasi ya Mheshimiwa na kurudi kulithibitisha mbele ya kipaza sauti. Akazama. Tukabaki tunatazama mapovu yakitembea juu ya maji, na Mheshimiwa, ambaye hakupenda watu watazame kitu kingine, akashika kipaza sauti.

“Ndugu zangu wa Kambare!” alinguruma. “Mnakumbuka tulivyoteseka? Tuliingia Kampala peku! Peku kama kuku! Viatu tuliahidiwa. Viatu tulisubiri. Kila siku tunaambiwa viko njiani, viko njiani. Wengine wetu miiba iliwaua kabla ya risasi. Mpaka leo mimi nauliza: ni adui gani aliyevizuia viatu vyetu? Nikimjua, wallahi, nitamfunga kwa mikono yangu!”

Wazee walipiga makofi kwa nguvu. Mmoja aliinua mguu uliokosa vidole, watu wauone. Mapovu yakakaribia, na kichwa cha Komakech kikatokea. Tukamvuta, tukampa kipaza sauti kabla hajafuta pua.

“Sajini,” Mheshimiwa akasema, “waambie wananchi. Tundu umeliona?”

“Ndiyo, afande. Iko moja tu, kwa injini. Huyo mtu alilenga vizuri sana.”

Vigelegele, bendi, balozi akainamisha kichwa kwa heshima. Mheshimiwa akafumba macho kidogo.

“Endelea.”

“Ndege imelala kwa tumbo kama ng’ombe, afande. Bawa moja iko kwa tope. Sangara kubwa imekaa kwa kiti ya rubani, inatazama mbele.”

“Vizuri. Na ndani? Silaha za adui?”

“Hapana, afande. Ndani ni viatu.”

“Viatu vya nani?”

“Buti, afande. Buti, buti, buti, mpaka kwa dari. Nimeleta moja.” Akaitoa kwenye mfuko wa wavu na kuyamwaga maji yake. “Na kwa mkia wamechora samaki.”

“Samaki gani?” aliuliza Mheshimiwa.

“Kambare, afande. Kama ile iko kwa beji yako.”

Bendi ilikuwa na kawaida ya kupiga kila Mheshimiwa anaponyamaza. Ikapiga.

Nyuma ya seng’enge Nabangala akapaza sauti kuishinda bendi. “Hata rubani wake tulimtoa kwa maji sisi! Alikunywa chai, akauliza ni mjinga gani amempiga wakati yeye aliwapungia mkono!”

Wazee wa Kambare walisimama mmoja mmoja. Walikuwa wanatazama miguu yao, halafu wanamtazama Mheshimiwa, halafu miguu tena, kama watu wanaolinganisha.

Kamati ilikaa kikao cha dharura ndani ya hema, na pazia likashushwa. Mheshimiwa aliagiza Ojara aletwe. Alimkumbatia.

“Ojara, ndugu yangu. Nimefikiri sana. Ushujaa wako uliibiwa. Leo nakurudishia. Ni wewe uliyepiga ndege.”

Ojara alikaa bila kukaribishwa. “Hapana, mzee. Kamati ilisema mimi ni mwongo, na mimi naheshimu Kamati.”

“Kamati inaweza kukosea!”

“Lakini nikisema nilipiga, si ni wizi wa ushujaa? Mtanifunga. Mimi nilikuwa napika tu. Nyuma ya sufuria.”

“Mimi ndiye nilikuwa nyuma ya sufuria!” Mheshimiwa alipiga kelele.

Kipaza sauti kilikuwa kimesahauliwa mezani, kimewashwa. Nje kukasikika kicheko kirefu, na redio ilikuwa bado hewani mpaka Mbale.

Nikabaki mimi wa kuiokoa nchi. Niliandika haraka, nikatoka, nikasoma: “Serikali inawatangazia wananchi kwamba baada ya uchunguzi wa kina, imebainika kuwa katika maji ya Ggaba hakuna ndege, haijawahi kuwapo ndege, na buti iliyoonekana ni ya mvuvi aliyeipoteza kwa uzembe. Kwa kuwa hakuna ndege, hakuna aliyeitungua. Kamati imevunjwa.”

Nilijivunia kazi hiyo. Ilikuwa safi, haina pa kushika. Mheshimiwa aliishika kama mtu anayezama.

Aliyepata pa kushika alikuwa Nabangala.

“Katibu,” aliniita, “kama ndege haipo, hii seng’enge inalinda nini?”

Nikatazama uzio. “Inalinda... eneo la Shujaa.”

“Shujaa gani?”

Dereva wa tingatinga, aliyekuwa ameegemea usukani akisikiliza, akasema, “Afande, karatasi yangu imeandikwa nivunje jiko la jirani na ndege. Sasa jirani na nini?” Hakungoja jibu. Akazima injini, akashuka kununua samaki.

Seng’enge ilikaa wiki moja, kisha ikaonekana kwenye mabanda ya kuku sehemu mbalimbali za Ggaba. Majiko ya Nabangala hayakuacha kutoa moshi hata siku moja. Komakech, ambaye mwaka huohuo aliomba kustaafu, alihamia kando yake na mitungi yake ya hewa, na wakaanza biashara. Asubuhi wanazamisha wageni kuitazama ndege. Mchana wanawauzia samaki. Wazee wa Kambare hupandishiwa buti zao bure, ila wanasema sasa miguu imevimba na hazitoshi.

Mheshimiwa hakukubali kushindwa. Alimtuma mtoza kodi, kijana mkali mwenye mkoba. Akarudi amechanganyikiwa.

“Nimemuuliza mama biashara yake ni nini. Amesema ni kuwaonyesha watu ndege. Nikasema lipa kodi ya ndege. Ameniuliza, ndege gani? Akanichezea redio aliyorekodi, sauti ya Katibu.”

Tukamshauri Mheshimiwa aache. Serikali inaweza kutoza kodi vitu vingi, lakini si kitu ambacho yenyewe imeapa hakipo.

Angeacha, kama si yule balozi, aliyekuwa anakaribia kurudi kwao na hakutaka kuondoka bila kuzama Ggaba. Itifaki ilidai asindikizwe na waziri. Basi nilikuwapo siku hiyo, nimesimama hatua moja nyuma ya Mheshimiwa kama inavyotakiwa, wakati balozi alipotoka majini na Komakech, amejaa tope na furaha.

“Ajabu!” alisema kwa Kiswahili chake cha darasani. “Risasi moja tu, katikati ya injini! Huyu mpigaji ni bingwa! Mheshimiwa, nchi yako inamjua ni nani?”

Niliona kifua cha Mheshimiwa kikijaa. Niliona mdomo ukifunguka. Kando ya majiko, wazee wa Kambare waliokuwa wakijaribu buti waliacha kujaribu.

“Mheshimiwa ulitaka kusema kitu?” Nabangala aliuliza, akipepea moto.

Mdomo ulibaki wazi, kama wa sangara aliyevutwa.

“Nilikuwa nauliza bei ya dagaa,” alisema.

Nabangala akamtajia, bei ya watalii.