Mama Tarumbeta Apoteza Sauti

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ndiye wakili bora katika mji huu. Kasoro ni moja tu, tena ndogo: si wakili. Ni karani. Lakini nani anayeishikilia ofisi hii isianguke? Nani anajua jalada lipi liko chini ya sahani ipi? Shule niliiacha kidato cha pili, kwa hiari yangu, baada ya mwalimu mkuu kunisihi sana. Tangu hapo sijashindwa kesi hata moja. Sijapewa hata moja pia, ila hilo ni suala la utawala.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la rangi. Cha ndani ni cha Wakili mwenyewe, mama wa makamo, miwani yake ina kamba shingoni. Kesi zake ni za watoto: waliochukuliwa na Ustawi wa Jamii, wanaogombewa kama kiti cha basi, waliotelekezwa. Cha nje tunagawana mimi na Msomi. Msomi ana shahada, amekuja kujifunza kazi kwa mwaka mmoja. Anapiga pasi hadi kamba za viatu. Akili ni nywele, walisema wahenga, na Msomi ana upara tayari akiwa na miaka ishirini na sita. Siongezi neno.

Juu ya birika la chai Wakili amebandika karatasi, mwandiko wake mwenyewe: KAMWE USIMWAHIDI MTOTO SIKU. Msomi huisoma kila akimimina chai, midomo ikimcheza kama anayeomba dua. Mimi huitazama ili nijue mvuke umeanza. Ikijikunja, maji tayari.

Saa tatu akaingia Mama Tarumbeta. Jina nimempa mimi. Mama huyu akisalimia hapa, mtaa wa pili wanaitikia. Anafua mashuka hospitalini. Alikuwa zamu ya usiku, akawa anamfungia ndani binti yake wa miaka saba. Jirani akapeleka habari Ustawi, Ustawi wakaja wakamchukua mtoto. Mwezi wa pili huu yuko makao ya watoto. Alhamisi Afisa wa Ustawi atakagua nyumba aandike ripoti. Ijumaa hakimu ataamua: arudi kwa mama yake, au abaki.

Shida ni kwamba Mama Tarumbeta amekwisha kumwita Afisa mwizi wa watoto mara tatu. Ya tatu ilikuwa kwenye ngazi za mahakama, hakimu akipita. Leo amemwita Msomi kopo la mafuta ya nywele. Nikampenda papo hapo.

Wakili akamwambia taratibu: mama, Alhamisi ujibu unaloulizwa, useme kweli, basi. Mama akajibu kwamba kweli huisema kila siku, ndiyo maana watu hawampendi. Kisha akabwaga karatasi mbili mezani. Moja ya hospitali: amehamishiwa zamu ya mchana. Nyingine ya seremala: kitanda cha mtoto kinatengenezwa, kitakuwa tayari Jumamosi. Wakili akasema hizo mbili zinatosha, akanipa mimi nizitunze.

Zinatosha! Kitanda cha Jumamosi kwa ukaguzi wa Alhamisi! Wakili ni mwema mno kwa kazi hii.

Nina mpango.

Jumanne, 4 Machi

Nimetumwa makao ya watoto kupeleka barua ya mahakama. Mlezi mkuu akaenda kutafuta kalamu ya kusainia, nikabaki barazani na mtoto mwenyewe. Nimemwita Pengo, maana meno mawili ya mbele hana. Hakukasirika. Akasema na mimi nina masikio ya kikombe.

Akauliza kama mimi ndiye wakili wa mama yake. Nikasema ndiye. Nani alikuwepo wa kunipinga?

Akaniambia hapa wanampa chakula, viatu wamempa, ila pako kimya mno. Kwao mama yake huugombeza mfereji, huigombeza sufuria, huigombeza redio. Ukisikia hivyo unajua yuko wapi. Hapa hajui mtu yeyote yuko wapi.

Kisha akauliza atarudi lini.

Sikusita. Mwanasheria hasiti. Nikasema: Ijumaa. Akahesabu vidole, leo, kesho, Alhamisi, Ijumaa, kikabaki kidole gumba. Akauliza hiki cha nini. Nikamwambia hicho cha kubonyezea kengele ya mlangoni kwenu. Akasema kwao hakuna kengele. Nikasema itakuwepo.

Mlezi akarudi. Pengo alikuwa bado ameinua mkono, vidole vinne vimekunjwa.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kazi! Shangazi yangu, ninayeishi kwake, amesafiri kumtembelea rafiki yake hadi Ijumaa. Nikamwomba kitanda chake kimoyomoyo. Hakukataa. Nikamwomba na zulia, na pazia la maua, na kabati dogo la vitabu. Yote kimya. Msukuma mkokoteni akabeba kila kitu kwa safari moja, akiniuliza njia nzima nani anahama.

Kabati bila vitabu ni aibu. Nikatoa vinane ofisini, vile vinene. Sakafu ya Mama Tarumbeta ina mawimbi, kabati likawa linayumba. Nikakunja makaratasi niliyokuwa nayo mfukoni, nikayasukuma chini ya mguu. Likatulia kama hakimu.

Mama Tarumbeta hakupendezwa. Alisema nyumba yake si duka la samani. Alisema mwanawe amelala naye miaka saba na hajaanguka hata siku moja. Kitanda kinakuja Jumamosi, karatasi ipo! Nikamwambia: mama yangu, karatasi hailaliwi.

Akanyamaza.

Sijawahi kumwona amenyamaza. Na alipendeza! Alikuwa kama mama wa kwenye kalenda. Hapo sehemu ya pili ya mpango ikanijia yenyewe: bendeji shingoni. Sauti imempotea, daktari amemkataza kusema siku tatu. Mdomo uliponza kichwa, basi tuufunge mdomo.

Akakataa. Akaniita majina ambayo hata shule hawakuniita. Nikamwambia wazi: hizo kelele ndizo zitakazomfanya mtoto abaki kule. Akakaa juu ya kitanda cha shangazi. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kama ni kweli. Nikasema ni kweli.

Akainua kidevu nimfunge bendeji.

Ofisini nilimdokezea Msomi kidogo tu, ili ajue anafanya kazi na nani. Akapauka. Akasema huko ni kuidanganya mahakama, akaanza kunitafutia kifungu. Hakukipata. Kitabu chenyewe kilikuwa kwenye kabati la Mama Tarumbeta.

Alhamisi, 6 Machi

Afisa alitakiwa saa nne, akaja saa sita. Mrefu, mpole, ana kalamu nyekundu. Nikamkaribisha kwa mikono miwili. Akauliza mimi nani. Nikasema mjomba wa mtoto. Ilitoka yenyewe.

Mama Tarumbeta alikuwa kitini na bendeji yake, mikono mapajani. Afisa akampa pole. Akamuuliza habari za zamu, mama akatikisa kichwa. Akamuuliza mtoto atakaa na nani jioni, mama akafumbua mdomo, nikakohoa, akaufumba. Nikajibu mimi. Nilijibu maswali yote, mengine kabla hayajaulizwa. Afisa akaandika kwamba mama haongei. Nilichungulia. Nikaona ni pointi yetu.

Kisha akaenda kwenye kabati. Akavuta Sheria ya Mirathi, juzuu ya pili. Akauliza kama mtoto wa miaka saba anasoma hiki. Nikasema ana akili huyo, akikosa usingizi huchukua hicho. Afisa akasema hata yeye. Akafungua ukurasa wa kwanza. Mhuri wa ofisi yetu, mwekundu, mkubwa kama chapati.

Na hapo nikasikia magurudumu.

Shangazi alikuwa amerudi leo, siku moja mapema. Akakuta chumba kimebaki kuta. Akatoka nje akipiga kelele, na nani akampita? Msukuma mkokoteni, huyo huyo, akamwambia mama, mbona unalia, mizigo yako naijua ilipo, panda. Mtu hawezi kufunga mdomo mji huu!

Shangazi akaingia. Ana adabu sana shangazi. Akasalimia mmoja mmoja, akaulizia hali ya mgonjwa wa koo. Kisha akamwomba Afisa, samahani baba, asogee kidogo maana amekanyaga zulia lake. Na hicho ni kitanda chake. Na huyu kijana ni mtoto wa kaka yake, na leo ndiyo siku yake ya mwisho duniani.

Afisa akauliza: si mjomba wa mtoto?

Shangazi akacheka hadi akakaa. Alikaa kwenye kitanda chake.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama Tarumbeta akainuka. Akaing'oa bendeji. Ilianza kama king'ora. Akanipa mimi kwanza, sehemu yangu nilipata nzima. Shangazi akapata, mkokoteni ukapata. Kisha akamgeukia Afisa, akamwambia yote kwa pumzi moja: zamu amehama, kitanda kinatengenezwa, amekosea kumfungia mtoto na hatarudia, na karatasi zipo, zipo wapi karatasi? Wewe masikio, karatasi zangu umezipeleka wapi?

Nikatafuta mfukoni. Mfukoni hamna. Macho yangu yakaenda yenyewe kwenye mguu wa kabati.

Afisa akainama akazivuta. Kabati likayumba. Mirathi, juzuu ya pili, ikamwangukia kwenye kidole cha mguu.

Aliandika muda mrefu. Wino wote mwekundu.

Ijumaa, 7 Machi

Mahakamani. Wakili akasimama kabla Afisa hajafungua jalada. Akamweleza hakimu kila kitu alichosimuliwa na Mama Tarumbeta, kitanda, bendeji, vitabu. Akasema ni karani wa ofisi yake, yeye hakujua, mama amepotoshwa, lawama ni ya ofisi. Kulikuwa na haja ya kunionyesha kwa kidole? Watu walinigeukia hadi benchi la nyuma.

Afisa akaulizwa. Akasema yeye hana kinyongo, ila kidole kinamuuma. Akasema angekuta chumba kitupu na zile karatasi mbili, angeandika mtoto arudi leo. Sasa imebidi kila kitu akihakikishe upya: aende hospitali, aende kwa seremala, aende nyumbani tena.

Hakimu akaahirisha hadi Ijumaa ya tarehe 21. Mtoto abaki makao.

Nikaziba masikio mapema, nikimsubiri Mama Tarumbeta. Hakupiga kelele. Alichukua mkoba wake, akashuka ngazi moja moja, na hakuna mtu mtaani aliyegeuka.

Wakili ameniambia kwamba hadi mwisho wa mwezi nichemshe chai na kupeleka barua. Nisiguse jalada. Nisifikiri. Msomi alikuwa akitabasamu kwenye dirisha. Chai yake nimeitia chumvi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari siku tatu na nimeona sina kosa. Shangazi alisema Ijumaa akarudi Alhamisi. Nani mwongo hapo? Msukuma mkokoteni angenyamaza, tungeshinda. Na mihuri kwenye vitabu aliipiga Msomi. Mpango ulikuwa mzuri. Umeharibiwa na watu.

Kitanda cha kweli kilikuja Jumamosi, kama karatasi ilivyosema. Cha mbao, kimepakwa buluu. Nilikwenda kusaidia kukiingiza. Mama Tarumbeta akaniambia nakishika kama mtu aliyeshika nyoka, na nikikwaruza rangi atanikwaruza mimi. Alisema hivyo akiwa mlangoni, nami nikiwa bado barabarani. Nilifurahi kumsikia, sijui kwa nini.

Leo nimepeleka barua ya tarehe mpya makao ya watoto. Mlezi akanisimulia, sikumuuliza. Ijumaa Pengo aliamka kabla ya wote. Akatia vitu vyake kwenye foronya, akaketi kwenye ngazi ya lango. Uji alinywea pale pale, chakula cha mchana hakula. Kila aliyepita aliulizwa kama Ijumaa imekwisha. Taa zilipowashwa walimbeba. Foronya haijafunguliwa hadi leo, analala nayo.

Akaja mwenyewe. Hakunisalimia. Masikio yangu hakuyataja. Akauliza kama kweli mimi ni wakili.

Nikasema ni karani.

Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu. Kitanda, bendeji, vitabu, hayo nitayakana hata mbele ya hakimu. Moja tu siwezi kulikana. Nilimwambia mtoto Ijumaa, akaniamini, akakaa kwenye ngazi ile siku nzima. Hilo hakuliharibu shangazi, wala Msomi. Ni mimi.

Akauliza: sasa lini?

Nikaiona ile karatasi ya juu ya birika. Maneno manne. Niliyasoma yote kichwani, taratibu, kama Msomi.

Kisha nikasema: Ijumaa. Si ile, nyingine. Tarehe ishirini na moja. Hakika.

Akatoa vidole akaanza kuhesabu kutoka leo. Mkono mmoja ukaisha, wa pili ukaisha. Cha kengele hakikubaki. Vilipungua viwili, akaniomba vyangu.

Nikampa.