Mama wa Lubumbashi

Siku Marcelino alipokutana na riziki yake, riziki hiyo ilikuwa inapiga filimbi.

Alikuwa anakatiza Mtaa wa Kongo, Kariakoo, tumbo tupu, shati limepigwa pasi mpaka linatisha, ndipo akasikia filimbi kali kama ya trafiki. Bajaji mbili zikafunga breki. Mama aliyebeba beseni la ndizi akapisha njia kwa heshima. Lakini trafiki hakuwepo. Filimbi ilitoka dukani kwa Abdulkadiri, muuza vyombo wa jumla, aliyekuwa amesimama mlangoni akipigana na chupa ya chai ya rangi ya zambarau huku mteja wake akiondoka bila kuaga.

Mtu mwingine angecheka akapita. Marcelino alisimama. Zamani alikuwa winga, wale wanaomdaka mteja barabarani na kumsindikiza dukani kwa kamisheni, na kazi hiyo aliiacha kwa sababu moja tu: ilikuwa na jua. Tangu hapo alikula kwa mdomo, kama watu wote, ila yeye mdomo huohuo ndio uliotafuta chakula.

"Shikamoo, tajiri."

"Marahaba," alisema Abdulkadiri, amefanikiwa kufunga kifuniko. "Kama umekuja kucheka, wenzako wameshamaliza."

"Nimekuja kukupa pole. Mzigo wako ni mzuri. Tatizo lako huna hoja."

Abdulkadiri hakuwa mjinga. Alikuwa mchoyo, na mchoyo akiona njia ya mkato huwa mjinga kwa muda. Chupa hizo alizileta kontena zima kwa sababu bei ilikuwa ya chini mno, na hakuuliza kwa nini ni ya chini. Zilipofika stoo yake eneo la Gerezani na kuijaza mpaka darini, ndipo akafungua ya kwanza na kujibiwa. Ukiinua kifuniko, inapiga filimbi. Ukimimina chai, inapiga filimbi. Kwa mgeni wa heshima, haifai.

"Hoja ndiyo nini?" aliuliza.

Marcelino akavuta kiti cha plastiki. Pale kaunta alikuwa amekaa mke wa tajiri, Bi Nasma, anakunja mifuko na kusema kidogo. Marcelino alimsalimia, akamhesabu kama sehemu ya kaunta. Hilo lilikuwa kosa, lakini kosa la bei nafuu, na yeye pia hakuuliza kwa nini.

"Tajiri, siku hizi watu hawanunui kitu, wananunua maneno ya kitu. Mtu akiambiwa jambo na mtu mmoja, anauliza ushahidi. Akiambiwa na watu kumi, anauliza bei. Mimi nawaandalia hao kumi maneno ya kusema. Wanaingia kwenye blogu, wanaingia kwenye kurasa za watu, wanabandika. Baada ya muda hata asiyelipwa anasema hivyohivyo, na anadhani kawaza mwenyewe."

"Na maneno yenyewe?"

Marcelino alifumba macho kama anayepokea.

"Moja: chupa ya filimbi haiibiwi, mwizi akiifungua nyumba nzima inaamka. Mbili: kelele ni dalili ya moto, chupa iliyonyamaza imepoa. Tatu: wanunuzi wa Lubumbashi wanaitafuta, ikiisha imeisha."

"Lubumbashi wanaitafuta?" Abdulkadiri alishtuka kwa furaha.

"Bado. Ndiyo maana nasema ni hoja."

Wakakubaliana malipo ya kila wiki. Bi Nasma aliendelea kukunja mifuko.

*

Jeshi la Marcelino lilikuwa ni watu wachache wenye simu na muda, na kiongozi wao alikuwa Zamda, dada aliyeuza kava za simu juani kandokando ya Mtaa wa Msimbazi. Mshahara wao ulikuwa bando la intaneti, na bando lenyewe lilichelewa. Marcelino aliwatumia hoja tatu kwenye simu, akaongeza na ya nne ya kujihami: mtu akibisha, msijibu alichosema, muulizeni ametumwa na nani.

Kazi ikaanza. Blogu moja ya mjini ilitoa habari ya chemba ya maji taka iliyofumuka, na chini yake watu kadhaa, badala ya kuzungumzia harufu, wakasifu chupa za chai. Chini ya habari ya ratiba ya mabasi ya mwendokasi, chupa iliyonyamaza imepoa. Chini ya tangazo la ndoa, chupa haiibiwi.

Tatizo la watu wanaolipwa bando ni kwamba wanafanya kazi ya bando. Mteja mmoja wa kweli, wa kwanza na wa pekee, alijitokeza akaandika kwa adabu: "Jamani, hizi chupa zinapatikana wapi?" Akajibiwa na watu watano kwa mpigo: "Wewe umetumwa na nani?" Hakuonekana tena.

Chupa hazikutoka. Lakini kila wiki Marcelino alikuja dukani, akafungua simu, akamwonyesha Abdulkadiri komenti. "Unaona upepo, tajiri? Unageuka." Abdulkadiri alisoma kwa kidole, neno kwa neno, akatabasamu, akalipa. Jambo la ajabu ni kwamba yeye aliyezinunua hoja ndiye aliyeanza kuziamini kabla ya mtu yeyote mjini. Nyumbani aliacha chupa yao ya zamani, akawa anakunywa chai kwa filimbi alfajiri baada ya swala. Majirani walivumilia.

Bi Nasma naye alikuwa na simu. Alasiri moja duka likiwa kimya, alikuwa anapitia komenti chini ya habari ya mtaro wa Jangwani akakuta hii: "Chupa ya filimbi haiibiwi. Badilisha maneno kidogo kabla ya kubandika. Ukiulizwa usimtaje Marcelino." Chini yake wengine wanne walikuwa wamebandika vilevile, bila kubadilisha kidogo, na wote hawakumtaja Marcelino kwa sauti moja.

Alimwonyesha mumewe.

"Umeona?" alisema Abdulkadiri. "Wanamjua mpaka jina. Huyu kijana ana watu."

Bi Nasma akafunga simu. Aliishi na Abdulkadiri miaka mingi, akamzalia Sophia na wadogo zake, na alimpenda. Alijua pia kwamba siri ikiingia sikioni mwake hutokea mdomoni kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo hakusema neno. Mmoja wa wale wanne alikuwa anatumia ukurasa wa biashara yake, wenye picha ya meza na namba ya simu: Zamda Kava Kali. Bi Nasma akajitanda mtandio akatoka.

*

"Karibu mama, kava za simu zote zipo," alisema Zamda.

"Nimekuja kwa habari ya chupa."

Zamda akaangalia pembeni. "Mama, mimi natafuta riziki tu. Na hilo bando lenyewe wiki hii sijaliona."

"Sijaja kugomba, mwanangu. Jua hili si litakuua?"

"Nimeshazoea."

"Pale barazani kwetu Mtaa wa Kongo pana kivuli mchana kutwa, na wateja wanapita. Meza yako inaenea. Kaa bure. Nataka uniandikie neno moja tu."

Zamda alimtazama. Kivuli Kariakoo ni mali; watu wamegombana na ndugu zao kwa ajili ya kivuli.

"Neno gani, mama?"

"Kuna mama amekuja kutoka Lubumbashi. Amefikia gesti Gerezani. Anatafuta chupa za filimbi, anapeleka migodini kwa walinzi wa usiku, wasisinzie. Anabeba stoo nzima. Wenye mzigo bado hawajajua." Bi Nasma akafikiri kidogo. "Na msiandike yanayofanana. Mmoja alalamike, aseme kwa nini wageni wanamaliza kila kitu. Mwingine abishe, aseme ni uongo, mama keshaondoka. Mwingine amtukane huyo anayebisha. Uongo usio na mpinzani haunogi."

"Mama," alisema Zamda kwa heshima ya kweli, "hii kazi umeanza lini?"

"Nimekaa kaunta miaka ishirini. Nasikiliza."

*

Marcelino aliisikia kwanza kwa kinyozi wake, Beno, shingo ikiwa chini ya wembe. Beno alisema mama huyo ana mwili mkubwa na dhahabu mkono mzima. Akaisikia Mnazi Mmoja kwenye kahawa, ambapo mzee mmoja aliapa kwamba shemeji yake ndiye aliyembebea mabegi. Akaikuta kwenye blogu, na chini yake watu wanatukanana kama wamerithi pamoja.

Alijua fika kwamba Lubumbashi aliitoa kichwani mwake, kwenye kiti cha plastiki, macho yamefumbwa. Lakini yeye hakusema migodi. Hakusema dhahabu. Hakumjua shemeji wa mtu. Na kulikuwa na wabishi. Hoja zake yeye hazijawahi kupata heshima ya kubishiwa. Akaanza kuwaza kwamba labda uongo wake ulipokuwa njiani umekutana na ukweli, wakaongozana.

Akampigia Zamda. "Hii ya mama wa Lubumbashi umeandika wewe?"

"Mimi kaka? Mimi na zile tatu zako tu. Hata bando la kuandika nyingine nitalitoa wapi?"

Hilo la bando lilimshawishi kuliko yote. Usingizi ukampaa. Mchana wa siku ya pili yake alikuwa dukani, amevaa uso wa toba.

"Tajiri, roho inaniuma. Nimekula hela yako na mzigo umelala. Nina jamaa zangu Morogoro, wako tayari kukupunguzia mzigo wote. Bei ndogo, lakini utapata nafasi stoo."

Bi Nasma alishusha pumzi polepole. Samaki amefika.

"Siuzi," alisema Abdulkadiri.

Bi Nasma alipandisha pumzi.

"Tajiri?"

"Siuzi, bwana. Nasoma na mimi. Kuna mama yuko hapahapa Gerezani anazitafuta. Namsubiri."

Marcelino akapiga hesabu. Kama mwenye mzigo keshajua, basi jambo ni la kweli na muda umebaki kidogo. "Hayo ni maneno ya mtandaoni, tajiri. Utaamini komenti?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha."

Marcelino akapandisha bei. Abdulkadiri akatikisa kichwa. Akapandisha tena, akafika mahali ambapo kila alichokula kwa Abdulkadiri kilirudi na ziada ya alichokula kwa wengine. Abdulkadiri akasema bora zikae stoo mpaka zioze.

"Chupa haziozi, tajiri."

"Ndiyo maana siuzi."

"Naongeza pikipiki yangu," alisema Marcelino, ufunguo kaushika mfukoni, kwa maana pikipiki hiyo ndiyo kitu pekee maishani alichokinunua kihalali.

"Siuzi."

"Baba Sophia," alisema Bi Nasma, "njoo unishushie boksi huku nyuma."

Nyuma kulikuwa na giza na harufu ya plastiki mpya. Hapakuwa na boksi la kushusha.

"Uza," alinong'ona Bi Nasma.

"Mke wangu, huyu mama wa Lubumbashi..."

"Mama wa Lubumbashi ni mimi."

Abdulkadiri alimtazama kuanzia mtandio mpaka kandambili, kama anayeitafuta Lubumbashi mwilini mwake.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Uza, mume wangu, kabla hajaenda msikitini au kanisani akapata akili."

Abdulkadiri akarudi mbele na uso wa aliyefiwa. Huzuni yake ilikuwa ya kweli kabisa. Alikuwa amempoteza mteja mkubwa kuliko wote aliowahi kuwa nao. Marcelino aliona uso ule, akausoma kama wa mtu anayeuza bahati yake kwa kubanwa na mkewe, na akatoa hela haraka kabla haujabadilika. Ufunguo wa stoo ukapita huku, ufunguo wa pikipiki ukapita kule.

*

Marcelino alizunguka gesti za Gerezani zote. Mapokezi ya kwanza walisema hawamjui. Ya pili walisema wanamjua, aliondoka jana, watu wengi wamemuulizia. Ya tatu walimwonyesha hadi chumba alicholala. Marcelino alikaa ukingoni mwa kitanda hicho kwa muda, akitazama feni, akijilaumu kwa kuchelewa siku moja.

Ukweli ulimfikia wiki iliyofuata, akipita Mtaa wa Kongo kwa miguu. Barazani kwa Abdulkadiri, kivulini, palikuwa na meza mpya ya kava za simu. Zamda alikuwa anapepea uso kwa kava, anakunywa soda ya baridi.

"Mambo, kaka Marcelino?"

Alimtazama Zamda, akaitazama meza, akakitazama kivuli. Kisha akamwona Bi Nasma kwenye kaunta, anakunja mifuko. Bi Nasma aliinua kichwa na kumsalimia vizuri, kama mtu na mtu.

"Poa," alisema Marcelino. Akashika njia ya Mnazi Mmoja na chupa nne mkononi, akaanza kuzitangaza kwa mdomo wake mwenyewe, juani, kama zamani.

Kwa Abdulkadiri mambo yalinyooka. Stoo ilijaa mabeseni ya kawaida yasiyosema kitu, yakawa yanatoka vizuri, na ile pikipiki ikawa inapeleka mizigo kwa wateja. Hata hivyo asubuhi moja Bi Nasma alimkuta amekaa mlangoni mwa duka, simu mkononi, hajafungua hata kufuli moja.

"Una nini, Baba Sophia?"

"Nimeuza bei rahisi."

"Nani kasema?"

Akamwonyesha simu. Watu walikuwa bado wanabishana. Mama wa Lubumbashi alikuwa amefika mpakani na malori matatu. Mmoja alikuwa na binamu aliyemuona Tunduma kwa macho yake.

"Mume wangu," alisema Bi Nasma taratibu, "nilikwambia. Mama wa Lubumbashi ni mimi."

"Najua ni wewe," alisema Abdulkadiri, macho hayatoki kwenye kioo cha simu. "Lakini watu wote hawa wanaosema, nao ni wewe?"

Bi Nasma akachukua funguo mapajani mwa mumewe akafungua duka.