Marehemu Mke Wangu na Tairi za Nyuma

Jumatatu, 3 Machi
Kazi yangu: kusoma maoni ya wateja walionunua tairi za magari ya mbio, na kuamua yapi yatamfaa mnunuzi mwingine. Sina gari. Kwani refa hucheza mpira? Leo mzee mmoja aliyefiwa na mkewe kaandika kwamba tairi hizi ni kimya mno, sasa anakisikia kiti cha pembeni kilivyo kitupu. Hakutaja breki wala kona. Nikabonyeza "Hayafai".

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, kayarudisha maoni ya yule mzee. Wateja wamelia, kisha wamenunua. Bosi kasema Miwani ndiye atakuwa mkuu wa kitengo. Nikapiga makofi kuliko wote. Kikulacho ki nguoni mwako.
Nyumbani kimya. Mke wangu bado yuko kwao. Aliondoka akisema kuongea nami ni kuongea na ukuta. Nilikuwa nasoma maoni.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango! Kama huzuni inauza, nami ninayo. Nimejifanya mteja. Nimeandika kwamba marehemu mke wangu alipenda kufungua dirisha kwenye kona, akicheka, mtandio ukipepea. Na kwamba tairi za nyuma hushika barabara hata mvua ikinyesha. Nilipofika kwenye mtandio, machozi yakanitoka. Huo ni wa kweli. Wa kijani. Tulikuwa ndani ya basi.
Nikabonyeza "Yanafaa sana".

Ijumaa, 7 Machi
Mkwe kapiga simu. Jirani yao ana gari la mbio. Kayasoma maoni yangu, kaliona jina langu, kaenda kutoa pole. Mkwe kasema hajapata kuona mtu akimzika mkewe mzima ili auze mipira. Nikaomba radhi, nikasema ni kazi tu. Akampa mwanawe, mke wangu, simu. Nilitegemea matusi. Akauliza taratibu, "Maneno yote hayo ulikuwa nayo? Mbona hukuniambia nikiwa hai?"
Nikamuuliza kama sehemu ya tairi ilieleweka.
Akakata.

Jumamosi, 8 Machi
Nimehamishiwa kitengo cha betri. Miwani kanibebea kiti, sikumshukuru. Jioni nimeketi upande wa kitanda wa mke wangu, nikaling'amua kosa langu. Jina! Ningebadilisha jina tu.
Nimeandika maoni mapya, ya betri. Mke ni mzima, karudi nyumbani, na gari limewaka mara moja asubuhi ya baridi. Chini nimetia jina la Miwani, asinishuku mtu.
Sasa namsubiri mke wangu ayasome.