Mapipa Sita ya Mama Rispa

Mambo yalimharibikia Kornelio Jumatano, tarehe tisa Aprili, siku aliyoamua kuwa mtaalamu wa mizigo hatari.

Wiki iliyotangulia, lori la kabaidi, yale mawe ya kijivu ya mafundi wa kuchomelea, lilinyeshewa mvua njiani likawaka. Kabaidi ikipata maji hutoa gesi, na gesi ikikutana na moto hamna mazungumzo. Wakubwa walikuja na magari, wakapiga picha, wakala mbuzi, wakaahidi kumtuma mtaalamu. Hakuja. Ukiwasubiri wakubwa utazikwa ukisubiri. Wapo waliozikwa hivyo.

Kornelio, dalali wa Sirari, akaona kumbe nafasi ya kazi iko wazi. Akaazima kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, akaenda kwa Rispa, mama wa Isebania, ng'ambo ya mpaka, mwenye karakana ya kuchomelea upande wetu. Uani palikuwa na mapipa sita.

"Shikamoo mama. Haya yanahamishwa leo, ghala la serikali, pakavu."

"La serikali na ni pakavu?" Rispa akashika kifua. "Mungu ni mwema. Wacha nifungue moja uone."

"Acha mfuniko, mama! Hewa ina unyevu. Utatuua!"

Kanuni hiyo aliitunga palepale. Kwa bahati mbaya ilikuwa ya kweli.

"Sawa, ofisa. Lakini hapa mpakani anayebeba mzigo wa mtu huacha kitu cha dhamana. Hata ofisa."

Kornelio akaitazama pikipiki yake, kitu pekee duniani kilichowahi kumtii. Akawaza mafundi wa Nyarero na bei watakayomlipa kwa kabaidi ya mapipa sita. Akaacha ufunguo.

Mvua iliwakuta njiani, kwenye pikapu ya kukodi. Kornelio akahamia nyuma kuyafunika mapipa. Turubai halikutosha. Akavua kizibao, kisha shati.

"Mseti, zima sigara!"

"Nimezima, bosi," dereva akajibu.

"Zima na kiberiti!"

"Kiberiti kinazimwaje?"

"Kitupe!"

Wilaya hii haijawahi kuona mzigo hatari ukisafirishwa kwa uangalifu namna ile, na aliyeusafirisha ni mwizi. Wenye mishahara walikuwa ofisini, hawajalowa.

Huko Nyarero, fundi Batholomeo aliyaingiza mapipa ndani, akabandua mfuniko, akachota unga mweupe, akautemea mate. Kimya. Hata povu hakuna.

"Hii imeshatumika, ndugu yangu. Imebaki chokaa. Kuna mama Sirari anahangaika kutafuta wa kumtupia uchafu kama huu, majirani wamemshtaki."

"Yote sita?"

"Mengine fungua wewe. Halafu uyaondoe kwangu."

Kornelio akarudi Sirari kifua wazi. Karakana ilikuwa na kufuli. Akech, mbadilisha pesa wa jirani, alikuwa akila muhogo.

"Mama Rispa yuko wapi?"

"Amevuka mpaka ulipotoka tu. Kwa pikipiki. Inakwenda vizuri ile."

"Na kabaidi yake ambayo haijatumika? Si anayo?"

"Anayo. Lile lori lilipowaka akasikia itakamatwa, akaigawa kwa watu wamfichie. Majumbani, humu humu mjini."

"Kwa nani?"

Akech akatafuna taratibu, akatazama mabati ya mji mzima, mvua ikiyapiga.

"Hakusema."

Kornelio ameuliza nyumba kwa nyumba, kila mtu anaapa hana. Ofisini nako kumepelekwa taarifa; wamesema wanaunda kamati. Masika bado hayajaisha, na jioni kila nyumba inawasha jiko. Sasa hiyo kabaidi iko chini ya kitanda cha nani?