Kobe Amewaka Tena

Jumatatu, 4 Machi

Bi Taratibu wangu,

Miezi minne tangu tukuzike, na gari lako la umeme limenizimikia mbele ya benki. Mara ya pili! Ile picha ya kobe ya kuonya kwamba betri inaisha iliwaka kwenye dashibodi, kengele ikalia, nikaiambia inyamaze. Wewe ulikuwa ukifika nyumbani betri ikisoma sifuri, kobe amewaka, nawe unaimba. Mimi hata kwa fundi viatu sikufika! Kaka yako akaja kunivuta kwa kamba. Akatangaza mbele za watu kwamba shemeji akizimikiwa mara ya tatu, ufunguo anauchukua. Watu wakacheka. Mpuuzi yule!

Jumanne, 5 Machi

Hasira tupu. Fundi umeme kaniambia nichaji kila nikirudi. Nikamuuliza mbona mke wangu hakuwa akichaji hivyo. Akakuna kichwa. Basi chini ya sifuri kuna akiba ya umeme! Wanatuficha tu!

Nimebandika plasta juu ya kobe. Zile plasta zako za vidole, bado zimo kwenye droo ya gari. Kiti chako sijakisogeza nyuma. Magoti yanagonga usukani. Yagonge.

Alhamisi, 7 Machi

Nilikuwa naja makaburini. Betri asilimia nne. Natembea vizuri kabisa, mara kaka yako huyo na pikapu yake ya dizeli. Akapiga honi, akanionyesha kamba dirishani! Kamba! Damu ikanichemka. Nikakanyaga. Nikampita, Bi Taratibu! Ungepiga makofi.

Kwenye kilima cha hospitali gari likaanza kutambaa. Plasta ikadondoka. Kobe akanikodolea macho. Gari likazima.

Kaka yako alikuja na maneno yake tayari, niliyaona mdomoni. Akachungulia ndani, akaona kiti kilivyo mbele na mimi nilivyojikunja. Akayameza. Akasema tu kwamba dada yake aliendesha kama amebeba mayai, ndiyo maana akiba ilimfikisha. Mimi naendesha kama nafukuzwa na nyuki. Akalivuta gari hadi uani, akachomeka waya wa chaji, akaweka ufunguo mfukoni. Akanipigapiga bega.

Hilo la bega ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Ijumaa, 8 Machi

Katuma ujumbe asubuhi: ufunguo nitarudishiwa nikishajifunza kuchaji. Nijifunze! Mimi!

Amesahau ufunguo wako wa pili, ule ulioufunga uzi mwekundu. Umo kwenye kopo la vifungo, ulipouacha. Na waya wake nilishauchomoa jana ile ile, alipomaliza chai na kupinda kona tu. Sitaki umeme wa huruma. Asilimia sita zinatosha.

Kesho nakuja. Nitaendesha polepole kama wewe, isipokuwa nikimwona kaka yako njiani. Plasta nimenunua mpya, pana zaidi.

Kobe akiwaka, nikumbuke.